Kifaa Kimenipiga Shoti, Nifanyeje? Dokta Anajibu Barua Zenu

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya kile kifaa kinachopandikizwa kifuani, chini ya ngozi karibu na mtulinga, ili kiupige moyo shoti ya umeme ukiingia mbio za hatari, kwa watu ambao moyo umechoka kusukuma damu. Kidogo tu! Barua zilizokuja zimenielemea, na karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa midomo tofauti: kifaa ninacho, mbona moyo bado unanienda mbio? Nimechagua chache zinazowawakilisha wengine, nimezifupisha, majina nimeyatoa. Kifaa chenyewe nitakiita ICD maana ndo jina lililopo kwenye ile kadi mnayotembea nayo. Kama hukupewa kadi rudi ukaidai, usione aibu.

Swali: Shikamoo dokta. Mume wangu ana miaka 58, moyo wake ulipanuka baada ya kupata shambulio la moyo, mwaka jana wakamwekea kifaa. Wiki tatu zilizopita yuko bafuni anaoga kikampiga shoti, akapiga ukelele mpaka jirani akaja mbio. Tokea siku hiyo hataki kufunga mlango wa bafu, saa ingine hataki kuoga kabisa. Tulivyoenda kliniki wakasoma kifaa wakaongeza kidonge cha kutuliza mapigo kinaitwa amiodaroni. Sasa najiuliza, kama kifaa kinafanya kazi dawa tena za nini? Au tumewekewa kibovu?
*Mke mwenye wasiwasi*

Jibu: Marahaba mama, na pole, shoti ya kwanza huwa inatikisa nyumba nzima sio mgonjwa peke yake. Nianze na hilo la ubovu. Kwa ulivyonisimulia, na kwa vile walisoma rekodi ndo wakaongeza dawa, inaelekea kifaa kilifanya kazi kiliyowekewa. Wala bafu halina kosa, angekuwa amekaa kwenye kochi anaangalia taarifa ya habari yangempata yaleyale.

Shida iko kwenye moyo wenyewe. Lile shambulio liliacha kovu, na kovu halipitishi umeme vizuri, sasa umeme wa moyo ukifika pale unapita pembeni, unazunguka, unarudi ulikotoka, unazunguka tena, kama mtu aliyepotea porini anazungukia mti uleule. Matokeo yake chemba za chini za moyo zinapiga mara 180, 200 kwa dakika, damu haiendi popote, mtu anaanguka. Ongezea na moyo uliotanuka, maji yaliyojaa mwilini, homoni za mfadhaiko ziko juu, madini ya damu yameyumba, yaani kuni zimeshapangwa bado cheche tu.

ICD inahesabu kila pigo, usiku na mchana. Ikiona mbio za hatari mara nyingi haikimbilii shoti. Inaanza na mapigo ya harakaharaka, yenye kasi kuuzidi moyo kidogo, ili kuukata ule mzunguko katikati, na hapo mgonjwa mara nyingi hasikii kitu, au anahisi kizunguzungu kimepita akadhani ni njaa. Ikishindikana ndo inachaji na kupiga, vifaa vingi vinafika joule (kipimo cha nishati) 35 hadi 40, na wanaopigwa wakiwa macho wanasema ni kama teke la punda kifuani. Kwa hiyo inawezekana mumeo alishaokolewa kimyakimya mara kadhaa kabla ya siku ya bafuni. Rekodi ndo inajua, muulizeni dokta wenu awasomee, ni haki yenu.

Sasa dawa za nini. ICD ni zimamoto, mama. Anakuja moto ukishawaka. Hamna kitu chochote ndani ya kile kiboksi kinachoponya kovu wala kuupa moyo nguvu. Utafiti mmoja mkubwa uliotoka 2005 uligawa wagonjwa 2,521 wenye moyo dhaifu mafungu matatu: wengine ICD, wengine amiodaroni, wengine kidonge kisicho na dawa. Waliokuwa na ICD vifo vilipungua kwa asilimia 23, wa amiodaroni hawakupata nafuu yoyote ya vifo kuliko wale wa kidonge kitupu. Kwa hiyo dawa haishiki nafasi ya kifaa, hilo lilishaisha. Lakini kupunguza *shoti* ni habari nyingine. Mwaka uliofuata, 2006, ukatoka utafiti wa watu ambao kifaa wanacho tayari: waliotumia beta bloka (dawa za kupunguza kasi ya moyo) peke yake, asilimia 38.5 walipigwa shoti ndani ya mwaka mmoja, na walioongezewa amiodaroni ni asilimia 10.3 tu. Hesabu hiyo ndo iliyomfanya dokta wenu aandike kile kidonge.

Ila mimi kabla ya amiodaroni ningemkalisha mumeo peke yake, wewe ukiwa nje samahani, nimuulize: beta bloka unakunywa kweli? Nazungumzia bisoprololi, karvediloli au metoprololi ile inayoyeyuka taratibu. Wanaume wengi wanaziacha kimyakimya, zinawachosha, au wanahisi zinawaharibia mambo ya chumbani na wanaona bora wafe kuliko kumwambia nesi. Hiyo ndo breki ya kwanza ya moyo. Na wenzake wote, ile ya pressure inayopunguza mzigo wa moyo, spironolaktoni, dapagliflozini au empagliflozini, wengi wanadhani ni vya maji na sukari tu lakini vikinywewa pamoja kwa miezi, moyo uliotanuka unaweza ukaanza kurudi, na moyo ukirudi mbio zinapungua.

Halafu potasiamu. Aisee hili nalirudia kila kliniki mpaka manesi wananicheka. Dawa ya kukojoza maji inatoa potasiamu na magnesiamu mwilini, spironolaktoni inaipandisha potasiamu, mgonjwa akipata siku mbili za kuharisha kila kitu kinavurugika. Ikishuka sana moyo unaruka, ikipanda sana moyo unaruka vilevile au unazubaa. Sisi tunapenda kwenye kipimo cha damu ikae milimoli 4 kwa lita au juu kidogo yake, ikikaribia 5.5 tunaanza kupiga simu. Na zile chumvi mbadala zinazouzwa kwamba ni salama kwa moyo, nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu, soma lebo kabla hujamnyunyizia.

Kuhusu kuoga: wekeni kiti bafuni, mlango urudishiwe tu usifungwe komeo, wewe kaa karibu unamsemesha, baada ya wiki mbili tatu atasahau mwenyewe. Asiposahau, aongee na mshauri. Hofu ya shoti ni kitu halisi, wako wanaoshtuka usingizini wanaapa wamepigwa na ukisoma kifaa hamna kitu. Na kama anaendesha gari, funguo uzikamate kwanza. Sheria zinatofautiana nchi na nchi ila nyingi zinataka miezi ipite bila shoti.

Swali: Dokta, baba yetu alipigwa shoti nne usiku mmoja, kati ya saa sita na saa tisa. Tulikaa naye mpaka asubuhi kwa sababu kila akipigwa anarudi sawa anaongea, tukasema kifaa si kinafanya kazi. Asubuhi alivyozimia ndo tukampeleka. Yuko ICU anaendelea vizuri sasa. Tulikosea?
*Mtoto wa kwanza*

Jibu: Mlikosea, kijana wangu, na nalisema wazi kwa ajili ya watakaosoma hapa, sio kuwasuta ninyi, maana kama hamkuwahi kuambiwa mngejuaje.

Shikeni hivi. Shoti moja, mtu baada ya hapo yuko kawaida kabisa: hamna haja ya kukimbizana usiku, ila siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi piga simu kliniki kifaa kisomwe. Shoti mbili au zaidi ndani ya siku moja, au shoti moja tu lakini mtu ana maumivu ya kifua, anahema, amechanganyikiwa, amezimia: hospitali, saa hiyohiyo, na asiendeshe yeye.

Mbio za hatari tatu au zaidi ndani ya saa 24, kila moja kivyake, sisi tunaziita dhoruba ya umeme. Ubaya wa dhoruba ni kwamba inajilisha yenyewe. Shoti inauma na inatisha, mwili unamwaga adrenalini, adrenalini inauchokoza moyo, moyo unaingia mbio tena, kifaa kinapiga tena, na betri inakwisha na moyo unazidi kuchoka. Ndo maana hospitali utaona wanampa dawa za usingizi ukadhani wamekata tamaa, hapana, wanazima ile adrenalini. Wanampa beta bloka kwenye mshipa au propranololi ya kumeza, amiodaroni kwenye dripu, wanarekebisha potasiamu na magnesiamu, wanatafuta kilichowasha moto: maji yamejaa? mshipa wa moyo umeziba upya? ana homa ya mapafu? dawa ziliisha wiki iliyopita na hakuna aliyesema? Wakishindwa wanaweza kuchoma sindano ya ganzi shingoni kwenye neva zinazopeleka amri ya mfadhaiko kwenye moyo, au kumlaza na mashine ya kupumua, au kwenda kuunguza lile eneo ndani ya moyo, nitalieleza chini.

Na jambo moja ambalo familia nyingi zinaogopa. Mtu akianguka hapumui, mkandamizeni kifua kama mtu mwingine yeyote hata kama ana ICD. Kikipiga shoti umemshika, wewe utahisi kama mchonyoto mkononi, hakitakuua.

Swali: Mimi mwenyewe ndo mwenye kifaa, miaka 49. Nlikuwa napanda ngazi kawaida tu, sina kizunguzungu sina chochote, mara pwaaa. Kliniki wakasema eti ilikuwa "shoti ya makosa" kwa sababu nina mapigo ya juu yasiyo na mpangilio. Nimekasirika mpaka leo. Kifaa cha bei yote ile kinakosea vipi?
*Dada wa ngazini*

Jibu: Dada yangu, hasira zako ni halali. Kifaa kinaona namba na umbo la umeme tu, hakioni sura yako. Chemba zako za juu zinatetemeka ovyo, zinarusha amri mia kadhaa kwa dakika, nyingi zinazuiliwa njiani lakini ukipanda ngazi zinapenya nyingi, chemba za chini zinafika 190, na kifaa kikikuta 190 kinajiuliza hii ni ile ya kuua au ni ya juu tu inayosumbua? Siku ile kilijibu vibaya.

Dawa ya kwanza ya tatizo lako haimezwi, ni kubadilisha mipangilio ya kifaa. Zamani tulikuwa na papara, kifaa kilipangwa kiwahi kupiga. Mwaka 2012 utafiti wa watu 1,500 ukaonyesha kinyume: kifaa kikipangwa kisubiri mpaka mapigo yavuke 200, au kisubiri sekunde nyingi zaidi kabla ya kuingilia, tiba zisizostahili zinapungua sana, na vifo vikapungua pia. Mbio nyingi zinajiishia zenyewe ukizipa nafasi. Kwa hiyo waulize, kifaa changu kinaanza kupiga kwenye mapigo mangapi na kinasubiri sekunde ngapi? Kama mipangilio ni ya kiwandani, kuna kazi ya kufanya.

La pili ni hizo chemba za juu. Beta bloka ya kutosha, dawa ya kuzuia damu isigande maana mtetemo huo ndo mama wa kiharusi, na uulizie kama unafaa kuunguziwa kule juu. Kuna utafiti wa 2018, wagonjwa 363 wote wana kifaa, moyo dhaifu, na mtetemo kama wako. Waliounguziwa, asilimia 28.5 walifariki au kulazwa kwa moyo kuzidiwa, waliobaki na dawa za kawaida ni 44.6. Tofauti hiyo sio ndogo. Na kama kifaa chako ni kile cha nyaya tatu, kinachozipigisha pande mbili za moyo kwa pamoja, basi mtetemo unakuibia hata faida ya kifaa, kwa sababu kinatakiwa kikamate karibu kila pigo, asilimia 98 hivi au zaidi, na mapigo ovyo yanakipita mlangoni.

Angalizo kwa wengine: shoti za makosa zinazokuja ukinyanyua mkono au ukijigeuza kitandani, moja juu ya nyingine, huo pengine ni waya umekatika au umechubuka. Hiyo sio ya kusubiri Jumatatu. Vilevile kifaa kikianza kulia mlio au kutetemeka chenyewe kinakuita.

Swali: Natumia amiodaroni mwaka wa pili. Ngozi ya uso imekuwa kama na kijivu, macho usiku taa naziona na duara, na mtandaoni nimesoma inaharibu ini, mapafu na tezi. Shoti sijapata hata moja. Naona niache tu, si nimeshapona?
*Mzee wa kofia*

Jibu: Shikamoo mzee. Hujapona mzee wangu, umetulizwa. Lakini sikatai hata moja uliyosoma. Amiodaroni ni dawa yenye nguvu na yenye vituko. Kidonge kimoja cha miligramu 200 kina ayodini takriban miligramu 75, mwili unahitaji sehemu ndogo sana ya hiyo kwa siku, ndo maana tezi ya shingo inachanganyikiwa, inazidisha au inalala. Na tezi ikizidisha, moyo unaenda mbio, kwa hiyo dawa ya kutuliza moyo inaweza ikazunguka nyuma ikauchokoza.

Rangi ya ngozi na duara za taa mara nyingi hazina hatari kubwa ila macho yakapimwe, ukianza kuona giza au ukungu uende haraka. Jua ulikwepe, kofia hiyo usiivue. Ninachokiogopa zaidi ni mapafu: kikohozi kikavu kisichoisha, pumzi inakata kuliko kawaida yako. Usiseme ni moyo tu, taja amiodaroni. Damu ya tezi na ini kila miezi sita, picha ya kifua mara moja kwa mwaka. Kama hukupimwa kwa mwaka mzima, hilo ndo kosa la kwenda kulidai kesho.

Kuacha kimyakimya hakutakusaidia hata hivyo, inakaa mwilini wiki hadi miezi baada ya kidonge cha mwisho, kwa hiyo utadhani umeacha salama, kumbe mbio zinakungoja mwezi wa tatu ukiwa umeshajisahau. Nenda uombe dozi ipunguzwe, au wakubadilishie. Kuna sotaloli, ila inataka figo nzima na ECG (kile kipimo cha umeme wa moyo) ya karibu karibu, kuna meksiletini, kuna kuunguza. Ukitumia warfarini au digoksini wakumbushe pia, amiodaroni inazipandisha zote mbili kwenye damu na dozi zake zinatakiwa zishushwe.

Halafu kuna mtego ambao hata baadhi ya madokta unawapita. Amiodaroni inapunguza kasi ya zile mbio mbaya. Mbio za 190 zinaweza kuwa 150. Kizuri? Sio siku zote, kwa sababu kama kifaa kimepangwa kianze kuangalia kuanzia 170, hiyo 150 kinaiona ni mtu anatembea tu, na wewe umekaa kwenye kiti masaa mawili pumzi hamna, miguu imevimba, kifaa kimya. Kwa hiyo yeyote anayeanzishiwa amiodaroni na ana ICD, aulize swali moja tu: na kifaa mmekipanga upya?

Swali: Moyo wangu unaruka ruka, rafiki yangu naye unaruka na anatumia flekainidi imemsaidia sana, amenipa strip moja. Nina kifaa na moyo wangu asilimia 25. Nianze na nusu?
*Kijana*

Jibu: Usianze na nusu wala robo. Mrudishie rafiki yako strip yake leo.

Rafiki yako inaelekea ana moyo mzima usio na kovu, wako kila pigo unasukuma nje asilimia 25 tu ya damu iliyomo wakati wa kawaida ni 50 na kuendelea. Miaka ya themanini madokta walifikiri kama wewe: watu waliopona shambulio la moyo mapigo yao yanaruka, wanaoruka wanakufa ghafla, basi tukiyafuta yale ya kuruka tutawaokoa. Wakafanya utafiti, wakawapa flekainidi na mwenzake enkainidi. Kweli mapigo yalitulia, ECG ikawa nzuri ya kupendeza, na waliopewa dawa wakafa wengi kuliko waliopewa kidonge kitupu. Mwaka 1989 sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa. Tangu hapo kila dawa ya mapigo inaingia kwenye moyo dhaifu kwa kushikwa kola. Dronedaroni nayo, iliyotengenezwa iwe amiodaroni isiyo na vituko, iliongeza vifo kwa wenye moyo uliozidiwa.

Mapigo yako yanayoruka yahesabiwe kwa kale ka mashine ka kuvaa saa 24. Yakiwa machache yaache. Yakiwa zaidi ya asilimia 10 au 15 ya mapigo yote, yenyewe yanaweza kuwa yanaudhoofisha moyo, na hapo kuna cha kufanya. Na dawa za dukani nazo uwe unauliza. Ibuprofeni na diklofenaki zinakurundikia maji na kuumiza figo, vidonge vya mafua vya kuzibua pua vinaupiga moyo mjeledi, na antibayotiki kama klarithromaisini au dawa fulani za malaria zinarefusha ile nafasi ya umeme kwenye ECG kiasi cha kuleta mbio. Sema una ICD *kabla* hawajakuandikia.

Swali: Wanataka kumuunguza kaka yangu moyo. Jamani moyo unaunguzwa? Amekataa.
*Dada mtu*

Jibu: Neno ndo linatisha, hata mimi nalichukia. Hawafungui kifua. Wanapitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa kinena mpaka ndani ya moyo, wanachora ramani ya umeme kwenye kompyuta kuona ule mzunguko unapita wapi kwenye kovu, halafu ncha ya waya inapata joto na kuziba hiyo njia. Ni vidoti vidogo. Masaa kadhaa mezani, siku chache wodini.

Inafaa kwa nani? Kwa anayepigwa shoti wakati dawa anakunywa vizuri, hasa kovu likiwa limetokana na shambulio la moyo. Mwaka 2016 walilinganisha watu 259 wa namna hiyo, wengine wakaunguzwa, wengine wakaongezewa dawa. Waliounguzwa wakapata vifo, dhoruba au shoti kwa jumla asilimia 59, wa dawa asilimia 68 na ushee. Unaona? Inasaidia lakini haifuti. Kuna hatari pia, kuvuja damu kinenani, damu kujaa kwenye mfuko wa moyo, kiharusi mara chache. Kaka yako aulize wao wamefanya ngapi, na wakishindwa mpango wa pili ni upi. Akijibiwa vizuri halafu bado akakataa, ni moyo wake. Kifaa hakitolewi hata akiunguzwa, hilo mwambie.

Haraka haraka, maana haya yamekuja kwenye barua kumi na zaidi. Simu: iwe sentimita 15 kutoka kwenye kifaa, sikilizia sikio la upande mwingine, usiiweke mfuko wa shati, hasa hizi mpya zenye sumaku mgongoni. Jiko la umeme la sumaku: simama sentimita 60. Microwave haina neno. Uwanja wa ndege pita getini kawaida bila kusimama katikati, onyesha kadi, kile kirungu cha mkononi wasikishikilie juu ya kifaa. MRI (ile mashine ya picha yenye sumaku kubwa) inategemea aina ya kifaa na nyaya zake, waulizwe kabla ya siku. Kuchomelea vyuma, ongea na kliniki kwanza. Tendo la ndoa: kama unapanda ngazi ghorofa mbili bila kuhema, ruksa, na kikipiga shoti mwenzio hatadhurika.

Swali: Dokta nauliza hili huku nalia. Mama ana miaka 81, moyo umefika mwisho, figo pia, hospitali wametuambia tumpeleke nyumbani tumtunze. Naogopa kitu kimoja, siku ya mwisho kile kifaa hakitaanza kumpiga shoti wakati anaondoka?
*Binti yake*

Jibu: Mwanangu, pole sana. Ndiyo, kinaweza. Moyo ukiwa unazimika mara nyingi unapita kwenye mbio zilezile, na kifaa hakijui kwamba safari hii mama anapumzika, kinajua kazi yake tu. Nimeona familia imemshika mgonjwa mkono na yeye anarushwa na shoti. Sitaki ukae kwenye hiyo picha, ndo maana nimeiweka barua yako.

Sehemu ya shoti inazimwa. Hakuna kisu, hakuna sindano, wanaweka kile kipokeaji juu ya ngozi kama wanavyofanya kila siku wanapokisoma, wanabonyeza, dakika chache imekwisha. Kuzima shoti hakumuui mama, hatahisi tofauti yoyote, na kama kifaa kinamsaidia pia kwa mapigo ya taratibu sehemu hiyo inaachwa inaendelea. Mkibadili mawazo inawashwa tena. Sio dhambi ya kitabibu na humsaliti mtu, ni kuacha tiba ambayo sasa inamuumiza bila kumsaidia.

Muulizeni yeye kwanza, kama bado anaongea. Wazee wengi wameshalifikiria wanaogopa tu kuwatisha ninyi. Akikubali pigeni simu kliniki yake kesho asubuhi, semeni neno hili, "tunaomba shoti izimwe," na mwulize kama fundi wa kifaa anaweza kumfuata nyumbani ikiwa hawezi kubebwa. Wakati mnasubiri waombeni sumaku ile nzito ya mviringo, wawaonyeshe pa kuiweka na waithibitishe kwa kifaa chake. Ikibandikwa kwa plasta juu ya kifaa, kwa vifaa vingi shoti zinasimama muda wote iliopo hapo, ukiitoa zinarudi. Iweke kwenye droo ya kitanda chake, na kila anayelala naye zamu ya usiku aonyeshwe ilipo.